Matumizi ya kitenzi 'karabati'

KITENZI 'karabati' kina maana ya kukirejesha kitu kilichochakaa au kuharibika katika hali nzuri. Hakilingani na 'tengeneza', ambacho humaanisha kuunda na pia kurekebisha. Mwandishi anaposema, "Kaunti imetengeneza barabara," mlipa ushuru hajui kama amepata barabara mpya au ile ya zamani imezibwa mashimo. "Kaunti imekarabati barabara" haina utata huo.

Kwa kuwa hakiishii kwa irabu 'a', kitenzi hiki hakibadilishi mwisho wake kama 'jenga' kinavyofanya: "Mwambie fundi akarabati paa", "Siku hizi hawakarabati madaraja." Kauli ya kutendwa ni 'karabatiwa', nayo nomino ni 'ukarabati': "Ukarabati wa zahanati umekamilika." Kusema "kufanyia ukarabati" si kosa, ila ni maneno mawili penye kazi ya moja.