Ushanga uliotoka kwenye chati

Wadau, hereni ulizonunua sikukuu iliyopita zimeshapitwa? Afadhali yako. Karne ya 19, ukiingia kijijini na ushanga wa rangi isiyopendwa, ulilala njaa.

Ushanga mwingi ulitengenezwa Venice, ukateremshwa Zanzibar, ukabebwa na wapagazi hadi bara. Ndiyo ilikuwa fedha ya njiani. Richard Burton, aliyepita 1857 hadi 1859, alihesabu aina kama 400, kila moja na jina lake la mtaani. Mwekundu, samsami, uliitwa pia "kimaliza chakula" na "kivunja mji", eti kina mama walichanganyikiwa wakiuona. (Hayo ni maneno ya wafanyabiashara wanaume, jamani!)

Mwaka 1871 Stanley alihangaika kweli pale Zanzibar. Mwekundu unatakiwa Unyamwezi, mweusi unapita Ugogo tu, mweupe Ufipa, kwingine unadharauliwa. Ukikosea, hakuna wa kukuuzia hata kuku. Akanunua aina 11, magunia 22, akiomba Mungu.

Kwa hiyo kiwanda cha Ulaya ndicho kilichomfuata mama wa kijijini, sio yeye aliyekifuata.

Na huku kwetu? Mwaka 1861 Speke alikwama Usui, pande hizi za Biharamulo, jirani na sisi wa Mugoma. Mtemi Suwarora hakumwachia njia mpaka alipwe hongo: vitambaa, ushanga, na nyaya za kusokotea bangili. Speke alinung'unika kurasa nyingi. Watu wa Suwarora wakaendelea kuchagua.