Mahame ya Nachingwea na Ruangwa

Apitaye porini katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa huweza kukuta miembe mikubwa imesimama pamoja, mbali na nyumba za watu. Mwembe si mti wa mwitu. Ulipo, palikuwa na mtu aliyekula embe akaitupa kokwa karibu na mlango wake. Mahali hapo ni hame, yaani kijiji kilichoachwa.

Katika nchi ya Ufaransa viko vijiji ambavyo umri wake husomwa katika mawe. Kijiji cha Conques kina kanisa lililojengwa katika karne ya 11 na ya 12, nalo lingali likisaliwa, na wageni hutoka mbali kwenda kulitazama. Wazee wetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikiachwa huliwa na mchwa, na mvua huimaliza. Kwa hiyo wengine hudhani kwamba nchi hii haikuwa na vijiji vya kale. Sivyo.

Kijiji cha Wamwera wa zamani kilikuwa kidogo, nacho kilikuwa cha ukoo. Watoto walihesabiwa katika ukoo wa mama yao, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu yao. Mwanamume akioa alihamia kwa wakwe zake, akalima pamoja nao. Mara nyingi kijiji kiliitwa kwa jina la mkuu wake. Wazee walikuwa na baraza yao, mtama ulikuwa na ghala zake, na makaburi hayakuwa mbali. Mtu aliishi kati ya jamaa zake, walio hai na waliokufa.

Ni nini kilichovivunja vijiji hivyo? Kwanza, katika karne ya 19, mashambulio ya Wangoni na biashara ya watumwa viliwatawanya watu. Kisha vikaja vita vya Majimaji, 1905 hata 1907. Wamwera waliingia katika vita hivyo, misheni ya Nyangao ikachomwa moto mwaka 1905, na majeshi ya Wadachi yakateketeza vyakula, hata njaa ikaua watu wengi. Mwaka 1947 Serikali ya Waingereza ilianza mpango wake wa karanga, na pori la Nachingwea likafyekwa kwa mitambo. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, na reli yake iling'olewa katika miaka ya 1960. Mwisho, mwaka 1973, watu wote waliamriwa kukaa katika vijiji vya pamoja kabla ya mwaka 1976 kwisha. Huko shule na zahanati zilikuwa karibu zaidi, lakini makaburi na miembe vilibaki nyuma.

Bassi, hame ndilo kitabu chetu cha mawe, ila herufi zake zafutika upesi. Mwembe hukatwa kwa mkaa, na mzee aijuaye habari yake hufa. Ninyi mjuao kuandika, chukueni daftari, mwende kwa bibi zenu upande wa mama. Waulizeni jina la hame, nani alizikwa pale, na mwaka gani walihama. Kisha, kabla hamjainua shoka, ulizeni mti huo ulipandwa na nani.