Silikoni Ilipoanza Kutikisika

Mwaka 1954, wenzake wengi wakiwa wamekaza macho kwenye transista, mwanafizikia Charles S. Smith alieleza jambo alilolipima katika maabara za Bell, Marekani: silikoni ikibanwa au kuvutwa, ukinzani wake wa umeme hubadilika sana, kuliko wa waya wa chuma kwa mbali. Kumbe kitu kilekile kinachobeba saketi kingeweza pia kuhisi.

Wahandisi wa vyuo vikuu ndio walioifanyia kazi habari hiyo kwa subira. Mwaka 1979, Lynn Roylance na profesa wake James Angell wa Stanford walichapisha kihisi cha mchapuko chenye urefu wa milimita 3 na uzito wa gramu 0.02. Ndani yake, kipande kidogo cha silikoni kilining'inia kwenye ncha ya boriti nyembamba, juu na chini kikifunikwa na kioo. Kikitikiswa, boriti hupinda na ukinzani hubadilika. Ni kazi nzuri mno, na inastahili kutajwa zaidi ya inavyotajwa.

Hatua iliyofuata ilitoka Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa Profesa Richard Muller na mwanafunzi wake Roger Howe. Walitandaza oksidi juu ya silikoni, wakaweka tabaka jembamba la silikoni juu yake na kulichonga boriti, kisha wakaiyeyusha oksidi kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo haiigusi silikoni. Ndivyo fundi anavyobomoa mbao zege likishashika: boriti ikabaki hewani. Shida ilikuja kwenye kukausha. Maji ya kusuuzia, yakikauka, huivuta boriti chini ikanata sakafuni isibanduke, na watafiti wamepambana na mnato huo kwa miaka mingi.

Njia hiyo iliruhusu boriti na saketi kukaa kwenye chipu moja, na kwangu hapo ndipo ulipo uzito wa historia hii. Kampuni ya Analog Devices iliitumia kutengeneza kihisi cha mchapuko cha ADXL50, kilichoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mifuko ya hewa ya magari. Gari likigonga, kipande kinachoning'inia huendelea mbele kidogo, nafasi kati ya vidole vyake vyembamba vya silikoni na vile vilivyosimama hubadilika, nayo saketi huliona badiliko hilo na kutoa ishara ya kufungua mfuko. Kabla ya hapo, magari yalitegemea swichi za kimakanika zilizofungwa sehemu kadhaa za mwili wa gari.