Msitu Uliopimwa kwa Kamba: Kanda za Yangambi na Swali la Mahame

Asomaye taarifa za kilimo za enzi ya Wabelgiji hukutana mara kwa mara na shutuma moja: mkulima wa msituni ni mharibifu, kwani hukata, huchoma, hulima kisha huhama. Shutuma hiyo ilikuwa na faida kwa serikali. Mtu ahamaye ni vigumu kumhesabu, kumtoza kodi na kumlimisha pamba. Na kilimo cha lazima kilikuwa kimekwisha kuwekwa tangu mwaka 1917.

La kustaajabisha ni kwamba walioidhoofisha shutuma hiyo walikuwa wataalamu wa serikali yenyewe. Taasisi ya utafiti wa kilimo iliyojulikana kwa herufi INEAC iliundwa mwaka 1933, na makao yake yakawa Yangambi, ukingoni mwa Mto Kongo, magharibi ya Kisangani. Huko ilidhihirika kwamba udongo wa msitu ni maskini: utajiri umo katika miti. Moto huushusha utajiri huo kwa njia ya majivu, mazao huutumia kwa misimu michache, mvua huchukua sehemu, na ni miti tu, ikitanguliwa na Musanga cecropioides akuaye haraka, iwezayo kuukusanya tena. Mwaka 1953 Bartholomew, Meyer na Laudelout walitangaza vipimo vya madini yaliyohifadhiwa na mahame ya Yangambi. Kwa maneno mengine, kuhama hakukuwa uvivu. Kulikuwa ndiyo mbolea.

Kutokana na maarifa hayo ukatungwa mfumo wa kanda. Msitu ulipimwa kwa kamba, ukagawanywa katika kanda zenye upana wa mita 100 hivi, zikielekea mashariki na magharibi ili mimea ipate jua. Ukanda mmoja ulilimwa, wa jirani ukabaki msitu ili utoe mbegu za miti. Kila mwaka shamba jipya lilifunguliwa, na lililochoka likalazwa kwa miaka mingi. Mfumo huu ulianza kwa majaribio katika miaka ya 1930, ukapanuliwa chini ya Mpango wa Miaka Kumi wa 1949.

Kwa hesabu za msitu, mpango ulikuwa mzuri; sioni haja ya kuukana. Lakini tuangalie ni nani aliyeamua. De Schlippe, katika kitabu chake cha 1956 juu ya Wazande, alionyesha kwamba mkulima huusoma udongo kwa majani na miti iotayo juu yake. Msomaji wa namna hiyo hafuati mstari ulionyooka: huruka penye mawe, hushuka bondeni, hurudi mahame yanapomwita. Ukanda ulimnyang'anya usomaji huo ukampa kalenda na msimamizi. Si ajabu basi kwamba baada ya 1960, wasimamizi walipoondoka, kanda nyingi ziliachwa.

Kisa hiki kina mzizi wa zamani zaidi. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 iliitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya Dola, na machoni pa karani mahame ya miaka kumi na mitano hayana mwenyewe. Sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Kuhusu haki za jamii za vijijini, kifungu cha 389 kiliahidi agizo la Rais. Miongo ilipita agizo hilo lisitolewe, na miti ikaendelea kuota juu ya mashamba ambayo, kwenye karatasi, hayakuwa ya mtu.