Kibaraza Chako Kinamkaribisha Nani? Historia ya Veranda, Kutoka Pwani Hadi Musoma

Wadau, siku hizi ukipita mitaa mipya ya Musoma, Bunda na hata kule Butiama, karibu kila nyumba inayopauliwa imeacha kipande cha mbele au cha ubavuni kwa ajili ya veranda. Na mitandaoni ndiyo usiseme: viti viwili, meza ndogo, maua kwenye vyungu, taa za njano, bustani kwa nyuma, picha. Safi kabisa, hatukatai.

Ila kabla hujamlipa fundi, jua kwamba hicho kipande kina historia ndefu, na humo ndani kuna ugomvi wa watu. Sebule ni ya familia, chumba ni cha mwenye nacho. Veranda ndiyo sehemu pekee ya nyumba iliyojengwa kwa kumfikiria mtu wa nje. Kwa hiyo, tangu zamani, kila veranda imekuwa ikijibu swali moja: nani anakaribishwa kukaa, na nani anaachwa amesimama?

Mwanzo ulikuwa kivuli

Kwa watu wa Mara, nyumba ya zamani ilikuwa msonge: duara, kuta za miti na udongo, paa la nyasi. Paa lile lilishuka chini na kutokeza nje ya ukuta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia mvua isile udongo. Kazi ya pili ilijileta yenyewe: kivuli cha kukalia. Hakuna aliyekiita veranda, lakini ndiyo ilikuwa hiyo.

Mambo mazito, lakini, hayakuzungumzwa ukutani kwa mtu. Yalipelekwa chini ya mti. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alipoandika kuhusu demokrasia alipenda kurudia picha hiyo ya wazee wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza mpaka wakubaliane. Hata neno "kung'atuka", ambalo leo Tanzania nzima inalitumia, alilitoa kwao, kwenye Kizanaki: rika moja linakaa pembeni, linaliachia rika linalofuata. Yaani hata kukaa kulikuwa na zamu.

Tusidanganyane hata hivyo. Chini ya mti ule kwa kawaida walikaa wazee wa kiume. Wanawake na vijana walisubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Kivuli kilikuwa kizuri, ila hakikuwa cha wote.

Pwani wakajenga kiti cha jiwe

Sasa twende Zanzibar na Lamu. Kule wenye nyumba za mawe walijenga benchi la jiwe kando ya mlango, limeshikamana na ukuta wa nje. Hilo ndilo baraza. Ukipita Mji Mkongwe leo bado yapo, na mvua kubwa ikinyesha watu huyatumia kama njia ya juu ili wasikanyage maji.

Baraza lilikuwa akili kubwa. Mgeni wa kiume anafika, anakaa, anapewa kahawa, anaeleza shida yake, anaondoka, na hajaona hata pazia la ndani. Heshima ya nyumba inabaki ndani, ukarimu unatoka nje. Wanawake walikuwa na nafasi yao uani, nyuma. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na sehemu mbili za kupunga upepo, na kila mtu alijua ya kwake ni ipi.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Oman mpaka leo kikao cha mtawala kusikiliza watu huitwa barza. Huku kwetu neno likakua mpaka likapanda cheo: tunalo Baraza la Mawaziri, baraza la wazee, baraza la kata. Kenya wananchi bado wanaitwa kwenye baraza la chifu. Fikiria hilo kidogo. Serikali nzima imekopa jina kutoka kwenye benchi la nje ya nyumba ya mtu.

Veranda ilikuja kwa meli

Veranda kama tunavyoijua, yaani paa lililobebwa na nguzo, sakafu iliyoinuliwa na viti vya kuegemea, ilitokea upande wa India. Neno "veranda" Wareno na Wahindi wote wana mkono ndani yake. Hata "bangaloo" ilianza na maana ya nyumba ya Kibengali. Waingereza waliona nyumba hizo zinapooza joto, wakazichukua na kuzisambaza kila walikotawala.

Kisiwani Unguja, Sultani Barghash, ambaye aliwahi kuishi uhamishoni Bombay, alimaliza kujenga Beit el Ajaib mwaka 1883. Jengo lilizungukwa na veranda ghorofa kwa ghorofa, juu ya nguzo za chuma. Ilikuwa ni kujionyesha hasa: mtawala anaonekana akiwa juu, watu wapo chini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka, na wengi walilia kama waliopoteza ndugu.

Kitu kingine kilicholeta veranda mpaka kwetu bara ni bati. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, kwa mhandisi Henry Palmer. Msonge hauezekwi kwa bati kirahisi, kwa sababu bati linataka mstari ulionyooka. Nyumba zikaanza kuwa za pembe nne. Na ukishakuwa na ukuta ulionyooka, kuongeza bati mbili mbele na nguzo tatu chini yake ni kazi ya siku chache. Hapo ndipo kibaraza cha mbele kikawa kitu cha kawaida kuanzia Kariakoo mpaka Nyasho.

Ngazi tatu za bomani

Sasa tufike pale panapouma. Nyumba ya ofisa wa kikoloni iliinuliwa juu ya msingi mrefu, na veranda ikawa na ngazi. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria. Baada ya hapo wazungu wakahimizwa kuziba veranda zao kwa wavu, na katika makoloni mengi wakashauriwa kujenga mbali na makazi ya Waafrika. Wavu ulizuia mbu kweli. Ila ushauri ule wa afya ulisaidia pia kuchora mstari: huku sisi, kule wao.

Mwananchi mwenye shauri alisimama chini ya ngazi, juani, bwana mkubwa akiwa kivulini juu. Mbele ya veranda kulikuwa na bustani ya kutazamwa, siyo ya kuliwa. Bogenvilia tunayoiona leo kama ya kwetu asili yake ni Amerika Kusini. Imepewa jina la baharia Mfaransa, Bougainville, ambaye msafara wake uliikuta Brazil katika miaka ya 1760. Mjakaranda nao umetoka huko huko. Ua la mbele likawa alama ya cheo, na shamba la mihogo likafichwa nyuma.

Mjini, maisha yalikataa kupangwa hivyo. Kwenye miji mingi ya Afrika Mashariki, maduka ya Wahindi yalikuwa na kibaraza kirefu mbele, na fundi cherehani akaweka mashine yake hapo. Duka linauza kitambaa, fundi anakishona palepale. Kibaraza kikawa ofisi ya mtu asiye na ofisi.

Na Ghana walikwenda mbali zaidi. Vijana maskini waliomfuata Kwame Nkrumah walibandikwa jina la "vijana wa veranda", kwa kejeli, kwa sababu baadhi yao walilala kwenye veranda za wenye nacho. Wao wakalishika jina lile kwa fahari. Mwaka 1957 Ghana ikapata uhuru, na kiongozi wa vijana wa veranda ndiye aliyekuwa waziri mkuu.

Butiama: nani alikuja kukaa?

Baba yake Mwalimu, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki chini ya wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza. Mtoto wake akaja kuongoza nchi nzima. Mwaka 1985 akang'atuka, akarudi Butiama, akashika jembe. Makazi yake ya Mwitongo yamezungukwa na miti na mawe makubwa, yale mawe ya Mara ambayo ukiyaona unadhani kuna mtu aliyapanga. Alijulikana kwa kupenda bao, na bao, mdau, halichezwi sebuleni ukiwa umejifungia. Linataka kivuli na watu wa kusimama pembeni wakikukosoa. Amezikwa hapohapo nyumbani, na wageni bado wanafika.

Funzo hapo si kwamba kila mtu ajenge kama Mwalimu. Funzo ni kwamba ukubwa wa nyumba mara nyingi ulipimwa kwa idadi ya watu waliopata pa kukaa nje yake.

Halafu tukapiga fensi

Miji ikakua, wizi ukaongezeka, tukapandisha ukuta na geti. Veranda ikafungwa kwa nondo. Kisha, taratibu, ikageuka mgongo: badala ya kutazama barabara ikatazama bustani ya ndani. Jirani akija anaongea kupitia tundu la geti. Usalama ni jambo la kweli, hatulichezei. Lakini bibi aliyezoea kukaa kibarazani akimenya maharage, akijua nani amepita na mtoto wa nani hajaenda shule, leo anatazama ukuta. Na yule mtoto asiyeenda shule hakuna anayemwona.

Kwa hiyo ukichagua veranda, chagua ukijua. Haya ndiyo tunayoweza kubeba kutoka kwenye historia yote hiyo:

1. Upande. Musoma iko karibu na ikweta, takriban nyuzi moja na nusu kusini. Jua la mchana linapita karibu juu ya kichwa, kwa hiyo paa linatosha kulizuia. Linalosumbua ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa chini. Veranda inayotazama kaskazini au kusini inapoa zaidi. Ikibidi itazame magharibi, weka mti au mmea wa kutambaa. Na mchana upepo hutoka ziwani, basi usiuzibie njia.

2. Upana. Wengi wanakosea hapa: wanajenga mita moja na kidogo, kiti kikikaa mtu hapiti. Lenga mita mbili au zaidi. Kibaraza chembamba ni cha picha tu, hakina mazungumzo.

3. Kiti kisichohamishika. Iga Lamu. Jenga benchi la tofali au mawe kando ya ukuta, lipake saruji, weka mito. Halitaibiwa, halitavunjika, na mgeni hahitaji kusubiri uletewe kiti kutoka ndani. Mawe ya Mara yapo, na hayajawahi kupitwa na fasheni.

4. Sakafu. Marumaru inayong'aa inateleza ikipata mvua ya masika. Saruji nyekundu ya kizamani, ile waliyotumia wazee, ni ya bei nafuu na inafutika kirahisi.

5. Wavu. Ukiwa karibu na ziwa unawajua wale vidudu wanaopanda kama moshi, na mbu ndio usiseme. Funga wavu sehemu moja ya kulia chakula usiku, nyingine iache wazi. Wavu uzuie wadudu, usizuie watu.

6. Mimea. Bogenvilia ni sawa, imeshakuwa mwenyeji. Lakini usisahau vya hapa. Mnyaa umezungushia miji ya Kanda ya Ziwa miaka mingi bila kuomba maji, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo weka mbali na watoto. Na hakuna sheria inayosema mchaichai, mnafu na mpapai vikae nyuma. Hiyo ilikuwa akili ya bomani.

7. Uwazi. Kama bajeti na usalama vinaruhusu, acha sehemu ya fensi iwe ya nondo au mimea badala ya ukuta mtupu, au jenga benchi dogo nje ya geti. Muuza samaki atapumzika, mama mjamzito anayetoka kliniki atapumzika, na wewe utajua habari za mtaa bila kununua bando.

Nguzo za Kigiriki, jipsamu na taa za rangi ni hiari yako na mfuko wako. Lakini fundi akiuliza veranda ikae wapi, kwanza jiulize atakayekaa hapo ni nani. Mkoloni alijibu swali hilo kwa ngazi na wavu. Mswahili wa pwani alijibu kwa benchi la jiwe. Wewe utajibu kwa tofali zako mwenyewe, na wapita njia wote watalisoma jibu hilo kila siku.