Mjadala wa uzazi wa mpango nchini Tanzania

Mjadala wa uzazi wa mpango nchini Tanzania ni majadiliano ya muda mrefu ya kisiasa na kijamii kuhusu idadi ya watoto ambayo familia zinafaa kuwa nayo, na kuhusu kiasi ambacho serikali inaweza kuingilia jambo hilo. Ulianza kabla ya uhuru na unaendelea hadi leo. Upande mmoja huona wingi wa watu kuwa nguvu kazi na soko la taifa. Upande mwingine huona kasi ya ongezeko kuwa mzigo kwa shule, hospitali, ardhi na afya ya akina mama.

Kauli za viongozi zimebadilika mara kadhaa, lakini kiwango cha uzazi kimekuwa kikishuka polepole karibu muda wote tangu miaka ya 1990. Hata hivyo tofauti kati ya mijini na vijijini ni kubwa, na maeneo kama nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma bado yana familia kubwa.

Maana ya maneno

Kiwango cha jumla cha uzazi ni wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani kama uzazi katika kila umri ungebaki kama ulivyo wakati wa utafiti. Kiwango cha 4.8 maana yake ni kwamba wanawake 10 wangezaa jumla ya watoto 48. Kiwango kinachotosha kizazi kimoja kuchukua nafasi ya kingine, bila idadi ya watu kuongezeka wala kupungua, ni watoto 2.1 hivi.

Uzazi wa mpango ni hatua za mtu au wenzi kuamua lini wazae, watoto wapishane kwa muda gani na wawe wangapi. Njia za kisasa zinazotumika Tanzania ni pamoja na vidonge, sindano, vipandikizi (vinavyoitwa pia vijiti), kitanzi, kondomu na kufunga kizazi.

Kiwango cha uzazi si sawa na kasi ya ongezeko la watu. Ongezeko hutegemea pia vifo na uhamaji. Mkoa wenye uzazi mkubwa unaweza kuongezeka polepole ikiwa wakazi wake wengi wanahamia kwingine.

Historia

Wakati wa ukoloni

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilihofia zaidi uchache wa watu kuliko wingi wao. Mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga, yalihitaji vibarua, na nchi ya Waha (Buha), yaani Kasulu, Kibondo na maeneo jirani, ikawa chimbuko kubwa la manamba. Shirika la kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, lililoundwa mwaka 1944, liliwachukua vijana wengi kutoka huko. Wanaume walikaa mbali na nyumbani kwa miezi au miaka, na kazi ya shamba na malezi ikabaki kwa wanawake na watoto.

Huduma ya uzazi wa mpango ilianza rasmi mwaka 1959 kwa chama cha hiari mjini Dar es Salaam. Baadaye chama hicho kilikuwa cha kitaifa na kujulikana kama UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania.

Enzi za Nyerere

Mwaka 1969, katika kuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Rais Julius Nyerere aligusia suala hili. Alikubali kwamba nchi ni kubwa na ina ardhi isiyotumika, lakini alionya kwamba watoto wanaoongezeka kila mwaka wanahitaji chakula, matibabu na shule kwa miaka mingi kabla hawajazalisha chochote. Kwa maoni yake, kuzaa ni jambo ambalo binadamu na mnyama wanalingana, ila kulea na kuelimisha ni wajibu wa binadamu peke yake.

Serikali haikutunga sera ya idadi ya watu wakati huo, lakini mwaka 1974 huduma za uzazi wa mpango ziliruhusiwa katika kliniki za mama na mtoto za umma. Vijiji vya ujamaa, vikiwemo vile vya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, vilikusanya watu waliokuwa wametawanyika na kuwasogeza karibu na shule na zahanati, ingawa wengi walihamishwa bila hiari yao.

Kuanzia 1989 hadi 2015

Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango ulianza mwaka 1989. Sera ya kwanza ya Taifa ya Idadi ya Watu ilitolewa mwaka 1992, na nyingine ikafuata mwaka 2006, baada ya Mkutano wa Kimataifa wa Idadi ya Watu na Maendeleo uliofanyika Cairo mwaka 1994. Mkutano huo uliweka mkazo kwenye haki na afya ya mtu binafsi badala ya malengo ya namba. Alama ya Nyota ya Kijani ikawekwa kwenye vituo vinavyotoa huduma na kutangazwa redioni.

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alihudhuria mkutano wa uzazi wa mpango uliofanyika London. Tanzania ilikuwa na lengo la kufikisha asilimia 60 ya matumizi ya njia za uzazi wa mpango ifikapo mwaka 2015. Lengo hilo halikufikiwa.

Kipindi cha Magufuli

Mwaka 2016 serikali ya Rais John Magufuli ilipoanza kutekeleza elimu bila ada, Rais alisema kuwa wanawake sasa wanaweza kuacha njia za kuzuia mimba kwa kuwa ada imeondolewa. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, alisema kuwa wanaopanga uzazi ni wavivu wasiotaka kufanya kazi ili walishe familia kubwa, na kwamba wafugaji na wakulima wana uwezo wa kulea. Alitoa mfano wa nchi za Ulaya alizosema zimeishiwa nguvu kazi kwa sababu ya kuzuia uzazi. Mwezi huohuo Wizara ya Afya iliagiza matangazo ya uzazi wa mpango ya mradi wa Tulonge Afya, uliofadhiliwa na Marekani, yasitishwe redioni na kwenye televisheni. Huduma zenyewe hazikupigwa marufuku katika vituo.

Julai 2019, akiwa Chato, alirudia hoja hiyo akisema kuwa wingi wa watu hujenga uchumi, kama ilivyo China.

Wapinzani walimjibu. Cecil Mwambe, aliyekuwa mbunge wa Ndanda kwa tiketi ya CHADEMA, alisema kauli hiyo inapingana na sera ya afya ya serikali yenyewe, na kwamba bima ya afya ya taifa inagharimia watoto wasiozidi wanne.

Tangu 2021

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 2021, alibadili mwelekeo. Oktoba 2022, akiwa ziarani Mkoa wa Geita, aliwataka wananchi wapunguze kasi ya kuzaa, akieleza kwamba watoto wanaozaliwa watahitaji madarasa, vituo vya afya na chakula. Mwezi huohuo matokeo ya sensa yalitangazwa mjini Dodoma.

Takwimu

Idadi ya watu kwa mujibu wa sensa:
- 1967: milioni 12.3
- 1978: milioni 17.5
- 1988: milioni 23.1
- 2002: milioni 34.4
- 2012: milioni 44.9
- 2022: milioni 61.7

Kati ya mwaka 2012 na 2022 ongezeko lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo idadi ya watu huongezeka maradufu katika miaka 22 hivi.

Kiwango cha jumla cha uzazi kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya:
- 1996: 5.8
- 2004–05: 5.7
- 2010: 5.4
- 2015–16: 5.2
- 2022: 4.8

Mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa 3.6 mijini na 5.5 vijijini. Matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walioolewa yalipanda kutoka asilimia 20 mwaka 2004–05 hadi 32 mwaka 2015–16, kisha yakasimama: mwaka 2022 yalikuwa asilimia 31.

Msomaji anaweza kuuliza inawezekanaje uzazi ushuke huku watu wakiongezeka kwa kasi. Sababu ni kwamba watoto wengi waliozaliwa miaka ya nyuma sasa ni watu wazima. Hata kila mwanamke akizaa wachache kuliko mama yake, idadi ya akina mama wenyewe ni kubwa zaidi. Pia watoto wengi zaidi wanaishi. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2004–05 hadi 43 katika ule wa 2022.

Hoja kuu

Wanaotaka watu waongezeke husema kwamba Tanzania ni nchi kubwa yenye ardhi ya kulima, na kwamba soko kubwa huvutia viwanda. Wengine wana shaka na wafadhili wa nje, wakiuliza kwa nini mataifa tajiri yanagharimia kupunguza uzazi wa Waafrika.

Wanaotaka kasi ipungue hujibu kwamba ukubwa wa nchi peke yake haujengi madarasa. Ardhi nzuri haipatikani kila mahali, na shamba likigawanywa kwa wana wengi kila kizazi, mwisho halimtoshi yeyote. Wahudumu wa afya huongeza hoja ya mama: mimba za karibukaribu, za utotoni na za umri mkubwa zina hatari zaidi.

Kanisa Katoliki linaunga mkono kupanga familia kwa njia za asili tu na kukataa njia nyingine. Miongoni mwa Waislamu na madhehebu mengine kuna maoni tofauti, na wengi hukubali kupishanisha watoto kwa ajili ya afya ya mama.

Watetezi wa haki za wanawake hukosoa pande zote mbili zinapomfanya mwanamke kuwa chombo cha kufikia namba fulani, kubwa au ndogo. Kwao swali la kwanza ni iwapo mwanamke anaamua mwenyewe na anapata huduma anayoitaka.

Sheria na huduma kwa familia

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwajiri halazimiki kutoa likizo hiyo zaidi ya mara nne. Baba hupewa angalau siku 3. Haki hizi huwafikia wenye ajira. Mkulima au mfanyabiashara mdogo hana mwajiri wa kumlipa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Rebeca Gyumi kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni. Hatua kama hizi hazitajwi sana katika mjadala wa uzazi, lakini zinahusika moja kwa moja: msichana anayebaki shuleni huchelewa kuzaa na kwa kawaida huzaa watoto wachache.

Nyanda za juu za Kigoma

Wilaya za Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko ni makao ya Waha, ambao wengi ni wakulima wa maharage, mahindi na muhogo. Katika kata za vijijini kama Murungu wilayani Kibondo, kilimo hutegemea zaidi mikono ya watu wa nyumbani. Mtoto husaidia kupalilia, kuchota maji na kulea wadogo zake, na akikua huwa tegemeo la wazazi wasio na pensheni. Kwa hiyo familia kubwa ina faida inayoonekana, wakati gharama zake, hasa sare, michango na kupungua kwa shamba, huja baadaye.

Mkoa mzima ulikuwa na watu 2,127,930 mwaka 2012 na 2,470,967 mwaka 2022, sawa na ongezeko la asilimia 1.5 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya nusu ya wastani wa taifa, ingawa uzazi wa Kigoma uko juu ya wastani huo. Idadi ya watu wa mkoa huathiriwa pia na wanaohama, na wakimbizi wa Burundi na Kongo wanaoingia na kuondoka katika kambi kama Nyarugusu na Nduta.

Katika mkoa huu uzazi wa mpango umeunganishwa na kazi nyingine. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe, uliuunganisha na hifadhi ya misitu. Mradi wa afya ya uzazi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliwezesha vituo vya afya vya vijijini kufanya upasuaji wa kujifungua, jambo lililowapunguzia akina mama safari ndefu ya kwenda hospitali.

Ulinganisho na nchi nyingine

Kenya ilianza mpango wake wa taifa mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwango chake cha uzazi kilikuwa takriban 8. Mwaka 2022 kilikuwa 3.4, chini ya kile cha Tanzania.

Nchi nyingine zina tatizo la kinyume. Korea Kusini ilifikia 0.72 mwaka 2023. China, iliyobana familia nyingi kwa sera ya mtoto mmoja hadi mwaka 2015, iliruhusu watoto wawili mwaka 2016 na watatu mwaka 2021, lakini vizazi vikaendelea kupungua. Hungaria ilisamehe kodi ya mapato kwa akina mama wa watoto wanne au zaidi.

Mifano hii hutumiwa na pande zote mbili nchini Tanzania. Hata hivyo hali ni tofauti: nchi hizo ziko chini ya watoto 2.1, wakati Tanzania, kwa kiwango cha 4.8, iko juu ya maradufu ya kiasi hicho. Kati ya tafiti za mwaka 1996 na 2022 ilipungua kwa mtoto mmoja tu.