Vifuko vya Mkunduni: Istilahi na Maradhi Yake

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua mbwa wenye maumbile madogo, kama Chihuahua, yapo yanayotajwa aghalabu kwa jina la «tezi za mkunduni». Na kwa kuwa jina hilo lachanganya chombo na kilichomo, yafaa tulichungue kabla ya kulipitisha katika lugha yetu.

Anachokipapasa tabibu wa wanyama si tezi, bali ni vifuko viwili vilivyo baina ya msuli wa ndani na msuli wa nje wa kulifunga tundu la haja kubwa; na lau uso wa saa ungewekwa hapo, vingeelekeana na tarakimu 4 na 8. Tezi zenyewe ni ndogo mno, zimo katika kuta za vifuko, nazo hutoa majimaji yenye uvundo ambayo kwayo mbwa hutambuana. Kinyesi kigumu kipitapo huvibinya vifuko, majimaji yakatoka kwa vijia vyembamba. Ama kikiwa laini siku nyingi, au mnyama akinenepa kupita kiasi, majimaji husalia, yakawa mazito, na vijia vikaziba. Hapo mbwa hujiburura kwa makalio na kujilamba pasi na kukoma. Na asipotibiwa, kifuko huweza kufanya usaha, kikawa jipu linalopasuka kando ya tundu.

Sasa, «tezi» kwa wengi wetu ni uvimbe, kama ule wa shingoni. Basi mwenye mbwa aambiwapo kuwa mbwa wake ana tezi, yamkini atadhani kiungo chenyewe ndicho maradhi, atake kikatwe, ilhali kila mbwa huzaliwa nacho, na upasuaji wake waweza kuidhuru mishipa ya fahamu, mnyama akashindwa kuzuia choo. Fauka ya hayo, iko saratani inayoanzia katika tezi hizo hasa, nayo mara nyingi huzidisha kalisi katika damu. Nayo tutaiitaje, ikiwa jina la tezi tumekwisha kulitumia kwa kifuko kilichoziba tu?

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba kiungo kiitwe «kifuko cha mkunduni», taabu ya kawaida iitwe «kuziba kwa vifuko», na «tezi» libakie kwa zile zilizomo kutani. Wala pasiwe na haya kulitaja tundu kwa jina lake, maana katika tiba adabu iliyo bora ni kueleweka.